Kulipa na Kulipwa: Mwongozo wa Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza

Kijana mmoja aliniletea rasimu ya barua ya kuomba ruhusa kazini. Ilikuwa mistari minne tu, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Mstari wa kwanza ulisema: "I was died by my father on Sunday." Alikuwa amefiwa na baba yake siku mbili kabla. Basi la kwenda kwao lilikuwa linaondoka alfajiri, na alichotaka ni barua ambayo meneja angeisoma mara moja, akaelewa, akatia saini.

Usimcheke. Kijana yule aliifuata kanuni ya darasani sawasawa: "was" ipo, umbo la tatu la kitenzi lipo, "by" ipo. Alichukua neno "nimefiwa", akaiona ile "w" ya kutendwa, akaivalisha Kiingereza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "w" yetu na kutendwa kwa Kiingereza havitoshani. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa ajili yako unayeandika barua za kazi, unayesoma mkataba wa nyumba kabla ya kutia saini, au unayejiandaa kwa mtihani.

Tunachokijua tayari

Mtoto wa miaka minne akirudi nyumbani analia hukwambia "nimepigwa", na kabla hajamtaja aliyempiga umeshajua nani wa kubembelezwa. Hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendwa: kumweka mbele aliyefikwa na tendo, na kumwacha mtenda nyuma au nje kabisa. Kiingereza nacho kina kauli mbili, ya kutenda na ya kutendwa, ambazo walimu wetu huziita "active" na "passive". Wazo ni lile lile, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hii ni mada ngumu.

Umbo ndilo tofauti. Kiswahili huchomeka "w" ndani ya kitenzi kimoja: andika, andikwa. Kiingereza hutumia maneno mawili au zaidi: kitenzi "be" katika moja ya sura zake, kisha umbo la tatu la kitenzi kikuu, lile la mwisho unapokariri "write, wrote, written". Hivyo "barua iliandikwa" ni "the letter was written".

Tofauti ya pili haifundishwi sana, na ndiyo iliyomponza kijana wetu. Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendea. Tunachukua "kufa", tunakirefusha kuwa "kufia", kisha tunaongeza "w" tupate "kufiwa". Iba, ibia, ibiwa. Nyesha, nyeshea, nyeshewa. Ugua, ugulia, uguliwa. Ile hatua ya katikati ndiyo inayompa nafasi mtu aliyeguswa na tukio, hata kama tendo lenyewe halikumwelekea yeye. Kiingereza hakina hatua hiyo ya katikati. Kwa kawaida, anayeweza kuletwa mbele ni yule tu ambaye kitenzi kinamchukua kama shamirisho. Baba alikufa, hakumfa mtu. Basi hakuna wa kupandishwa.

Hatua tano za kugeuza sentensi

Tuchukue sentensi ya ofisini: "The committee postponed the meeting."

1. Tafuta kitenzi, kisha kiulize: nini? au nani? Kamati iliahirisha nini? "The meeting." Jibu hilo ndilo shamirisho. Ukiuliza usipate jibu, simama hapo hapo, kwa sababu sentensi hiyo haigeuki. "The accident happened" haina jibu la "nini". Ndiyo maana "the accident was happened" ni kosa, na vivyo hivyo "was arrived", "was disappeared" na "was died".

2. Lilete shamirisho mbele liwe kiima. Kama ni kiwakilishi, kibadilishe sura: "him" inakuwa "he", "them" inakuwa "they", "me" inakuwa "I".

3. Chagua sura ya "be". Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Angalia mambo mawili: wakati wa kitenzi cha awali, na idadi ya kiima kipya. "Postponed" ni wakati uliopita, na mkutano ni mmoja, kwa hiyo "was". Ingekuwa mikutano, ungeandika "were", hata kama kamati ni moja.

4. Weka kitenzi kikuu katika umbo la tatu: "postponed". Umbo hili halibadiliki, uwe wakati uliopo au ujao.

5. Amua kuhusu mtenda. Jiulize: msomaji anahitaji kumjua? Kama ndiyo, ongeza "by the committee". Kama hapana, weka nukta. Usiandike kamwe "by someone" au "by people" kwa sababu tu kitabu cha mazoezi kilifanya hivyo.

Matokeo: "The meeting was postponed."

Katika swali, kile kitenzi kisaidizi "did" huondoka na "be" hushika nafasi yake: "Did the committee postpone the meeting?" huwa "Was the meeting postponed?" Wengi hubaki na vyote viwili, wakaandika "Did the meeting was postponed". Chagua kimoja.

Kisanduku cha nyakati: kata uweke mfukoni

Usikariri majina ya nyakati za Kiingereza. Anza na Kiswahili unachokijua, usome upande wa pili.

- Wafanyakazi hulipwa kila mwezi: The workers are paid every month.
- Wanalipwa sasa hivi: The workers are being paid now.
- Wamelipwa: The workers have been paid.
- Hawajalipwa: The workers have not been paid.
- Walilipwa jana: The workers were paid yesterday.
- Walikuwa wakilipwa nilipofika: The workers were being paid when I arrived.
- Walikuwa wameshalipwa nilipofika: The workers had been paid when I arrived.
- Watalipwa kesho: The workers will be paid tomorrow.
- Watakuwa wameshalipwa ifikapo Ijumaa: The workers will have been paid by Friday.
- Wanaweza kulipwa: The workers can be paid.
- Lazima walipwe: The workers must be paid.
- Walipaswa kulipwa, lakini hawakulipwa: The workers should have been paid.

Angalia kwamba neno "paid" halikutikisika mstari hata mmoja. Kazi yote imefanywa na maneno yaliyolitangulia.

Herufi moja, mshahara mzima

Nataka tukae kidogo kwenye "been", kwa sababu kuliacha neno hili hakuharibu sarufi tu, hugeuza ukweli.

Mfanyakazi anaandika kwa ofisi ya rasilimali watu: "I have not paid since March." Anadhani amelalamika. Kumbe amekiri deni. Alichoandika ni "sijalipa tangu Machi". Alichokusudia ni "sijalipwa tangu Machi", yaani "I have not been paid since March." Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni herufi moja, nasi hatuikosei kamwe kwa sababu sikio linaikataa. Kwa Kiingereza ni neno zima, lakini linatamkwa upesi na kwa wepesi kiasi kwamba sikio letu hulipita.

Soma jozi hizi kwa sauti:

- "I have told" ni nimesema au nimemwambia mtu. "I have been told" ni nimeambiwa.
- "I have invited" ni nimealika. "I have been invited" ni nimealikwa.
- "I have selected" ni nimechagua. "I have been selected" ni nimechaguliwa.
- "I have employed" ni nimeajiri. "I have been employed" ni nimeajiriwa.

Mwanafunzi anayekiandikia chuo "I have selected to join your college" amejichagua mwenyewe. Zoea jambo moja: ukiacha mitego iliyo hapa chini, kila mara Kiswahili chako kina "nime" mwanzoni na "w" mwishoni, kidole chako kiende kwenye "been" kabla hujaendelea.

Mitego ya "w"

Haya ndiyo maneno yanayowaangusha hata wanaoongea Kiingereza vizuri.

Nimefiwa na baba. Sema "My father has died" au "I have lost my father". Ya pili ni ya upole zaidi.

Nimeibiwa simu. "I was stolen my phone" ni kosa linalosikika kila kituo cha polisi ambako maelezo huandikwa kwa Kiingereza. Kilichoibwa ni simu: "My phone was stolen." Ukitaka kuanza na wewe mwenyewe, badilisha kitenzi: "I was robbed." Tofautisha hivi: "steal" huchukua kitu, "rob" huchukua mtu au mahali. Pesa ni "stolen", duka ni "robbed".

Asha aliolewa na Juma. Hapa tahadhari kubwa. "Asha was married by Juma" ni sentensi sahihi kabisa kisarufi, lakini maana yake ya kwanza kwa Mwingereza ni kwamba Juma ndiye aliyefungisha ndoa, kama sheikh au padri. Kiingereza cha leo hakitofautishi kuoa na kuolewa kama sisi: "Asha married Juma", "Juma married Asha". Hali ya ndoa ni "Asha is married to Juma". Kihusishi ni "to", si "with" wala "by".

Nilizaliwa mwaka 1998. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana, na bado watu huandika "I born in 1998" au "I am born". Ni "I was born in 1998."

Nimeishiwa pesa. "I have run out of money." Hakuna kutendwa.

Nimeuguliwa na mtoto. "My child is ill." Kumbuka hili siku utakapoandika kwa mwajiri kwamba huendi kazini.

Nilinyeshewa. "I was caught in the rain."

Nimeelewa, nimechelewa, amelewa. Maneno haya yana "w" lakini ndani yake humuoni mtenda. Huwezi kusema umechelewa na nani. "I have understood", "I am late", "he is drunk". Ukiandika "I am understood" umesema kwamba unaeleweka.

Na lile tangazo lililoandikwa kwa rangi kwenye kuta za nyumba nyingi Dar es Salaam: "Nyumba hii haiuzwi." Ukiligeuza "w" kwa "w" utapata "This house is not sold", na mnunuzi asiyejua Kiswahili anaweza kudhani bado iko sokoni. Kiingereza hapa hakitumii kitenzi cha kutendwa: "This house is not for sale." Vivyo hivyo "chumba kinapangishwa" ni "room to let" au "room for rent".

Upande wa pili, kuna vitenzi vichache vya Kiingereza vinavyobeba shamirisho mbili, ambavyo vinakubali kabisa mtu aletwe mbele kama kwetu: "give", "send", "tell", "teach", "show", "offer", "pay". "Nilipewa barua" ni "I was given a letter". "Tulifundishwa hesabu" ni "We were taught mathematics". Hapo hisia yako ya Kiswahili iamini.

Kuvunjwa na kuvunjika

Kiswahili kinatofautisha kikombe kilichovunjwa na kikombe kilichovunjika. Cha kwanza kina mkosaji, cha pili hakina, au hatutaki kumtaja. Mtu akiuliza "how do you say kimevunjika?" wengi hukimbilia "has been broken", na hapo wamemwingiza mtu jikoni ambaye hakuwapo.

Kiingereza hubeba maana ya kutendeka kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kukiacha kitenzi katika kauli ya kutenda bila shamirisho: "mlango ulifunguka" ni "the door opened", na "mlango ulifunguliwa" ni "the door was opened". Vitenzi kama "break", "open", "close", "spill", "burn", "tear" na "change" hukubali matumizi hayo. Njia ya pili ni kueleza hali: "kikombe kimevunjika", ukikionyesha mezani, ni "the cup is broken". Njia ya tatu ni neno jingine kabisa: "gari limeharibika njiani" ni "the car has broken down", na "barabara haipitiki" ni "the road is impassable".

Jambo hili lina uzito kwenye taarifa za bima na za kazini. "The window was broken" inamfanya msomaji atafute aliyevunja. "The window broke" inaelekea kumfanya aulize kuhusu upepo au kioo chenyewe. Andika kilichotokea kweli.

"Na" na "kwa"

"Na" yetu hufanya kazi nyingi, na ndiyo maana utaona "he was bitten with a dog". Kanuni ni fupi. Mtenda huchukua "by". Kifaa huchukua "with". Sentensi moja inaonyesha vyote: "Mlango ulivunjwa na wezi kwa nondo" ni "The door was broken by thieves with an iron bar." Wezi ndio watenda, nondo ni kifaa. Kwa kifupi, "na" baada ya kutendwa elekea "by", na "kwa" elekea "with".

Vighairi vya kukariri ni vichache: "made of wood", "covered with dust", "known to the police", "interested in the job".

Lini utumie ipi

Utasikia ushauri kwamba kutendwa ni kubaya na kukwepwe. Una historia. Profesa William Strunk wa Marekani aliwahimiza wanafunzi wake kutumia kauli ya kutenda katika kijitabu chake cha "The Elements of Style", na George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni ya kutotumia kutendwa pale kutenda kunapowezekana. Orwell alikuwa na sababu nzuri: aliona lugha ya kisiasa ikificha mambo mabaya nyuma ya maneno yasiyo wazi. Lakini yeye mwenyewe alitumia kutendwa ndani ya insha hiyo hiyo, tena mara nyingi, kwa sababu hakuna mwandishi anayeweza kuishi bila kauli hiyo. Kwa maoni yangu kanuni yake ni kali mno. Swali la kuuliza ni moja: habari hii ni ya nani?

Ukiandika wasifu wako wa kazi, habari ni yako. Tumia kutenda: "I trained six new cashiers." Ukiandika "Six new cashiers were trained", mwajiri hajui kama ulifundisha wewe au ulikuwa umekaa nyuma ya darasa.

Ukiomba radhi, shika kosa mkononi. "We delivered your order late" ina uungwana kuliko "Your order was delivered late." Januari 1987 Rais Ronald Reagan wa Marekani alihutubia bunge akagusia kashfa ya silaha zilizouzwa Iran, akatumia maneno "mistakes were made". Nani alifanya makosa hayo? Sentensi haikusema, na hadi leo maneno hayo hutajwa kama mfano wa kukwepa lawama. Nasi tuna yetu: "makosa yalifanyika", "ahadi ilitolewa". Mteja wako anayajua.

Lakini kuna mahali kutendwa ndiko sahihi. Mtenda hajulikani: "My phone was stolen." Mtenda hana umuhimu: "The bridge was closed for repairs." Mtenda anajulikana na wote: "The suspect was arrested"; nani mwingine angemkamata? Aliyefikwa ndiye habari: "Three passengers were injured." Na katika ripoti ya maabara, kinachofuatwa ni hatua, si mkono: "The water was heated to 60 degrees." Hata hivyo usidhani sayansi inakataza kusema "sisi". Makala ya James Watson na Francis Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA, iliyochapishwa katika jarida la Nature, inaanza na neno "We".

Tahadhari: unaposoma, muulize mtenda

Kutendwa si kwa kuandika tu. Nyaraka zinazokubana zimejaa kauli hii, na kinachokosekana humo ndicho kinachokugharimu.

Toa risiti moja ya duka uisome chini kabisa. Mara nyingi utakuta maandishi madogo: "Goods once sold cannot be returned." Tangazo la kazi humalizika kwa "Only shortlisted candidates will be contacted", maana yake wakikaa kimya ujue hukuchaguliwa. Barua pepe ya taasisi inasema "Your application is being processed", bila kusema na nani, wala lini itakwisha.

Mkataba wa nyumba ndio wa kuogopa zaidi. "Repairs shall be done within 14 days." Na nani? Mwenye nyumba ataisoma kwa faida yake. "The deposit shall be refunded." Na nani, lini, kwa masharti gani? Fanya hivi kabla ya kutia saini:

1. Chukua kalamu, uzungushie duara kila "shall be", "will be" na "must be".
2. Kwenye kila duara uliza kwa Kiswahili: na nani?
3. Pasipo na jibu, omba liandikwe: "by the landlord", "by the tenant".
4. Likikataliwa kuandikwa, umeshapata jibu.

Kwa wa mtihani

Haya ni mafupi kwa sababu mwalimu wako atakuwa ameyafanyia mazoezi.

- "They say he is rich" ina majibu mawili sahihi: "It is said that he is rich" na "He is said to be rich". Ni "inasemekana" yetu.
- "Who broke the window?" huwa "By whom was the window broken?"
- "Close the door" huwa "Let the door be closed". Andika hivyo mtihanini. Nje ya mtihani watu husema "The door should be closed".
- Kitenzi chenye kijineno cha nyuma hukibeba hadi mwisho: "Her grandmother looked after the baby" huwa "The baby was looked after by her grandmother". Neno "after" lisiachwe njiani.
- "Have" ya kumiliki, "resemble", "lack" na "cost" hazigeuzwi ingawa zina kitu mbele yake.
- Si kila sentensi yenye "was" ni ya kutendwa. "She was cooking" ni ya kutenda, anapika mwenyewe. "She was tired" ni hali tu.

Kipimo cha haraka: ongeza "by someone" mwishoni kichwani mwako, bila kuandika. "My phone was stolen by someone" inaingia, basi ni kutendwa. "She was cooking by someone" haiingii.

Orodha ya kukagua kabla hujatuma

- Kitenzi changu kinajibu "nini?" au "nani?"
- Sura ya "be" inalingana na kiima kipya na wakati?
- Kitenzi kikuu kiko katika umbo la tatu? Si "was stole", ni "was stolen". Si "was wrote", ni "was written".
- Penye "nime" na "w" nimeweka "been"?
- Mtenda ana "by", kifaa kina "with"?
- Nimemtaja mtenda pale msomaji anapomhitaji, nikamwacha pale asipohitajika?
- Nimetumia "get" kama katika "I got fired"? Katika maongezi ni sawa. Katika barua rasmi weka "was".

Ukiwa na barua uliyoituma wiki hii, ifungue sasa uipitishe kwenye orodha hii mstari kwa mstari. Dakika tano zinatosha.

Barua ya yule kijana tuliikalia pamoja, yeye akiandika. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kutenda, kwa sababu kufa hakuna namna nyingine katika Kiingereza: "My father died on Sunday." Wa pili pia, kwa sababu ombi lazima liwe na mwombaji: "I request five days' leave to attend the burial." Wa tatu tuliugeuza kuwa wa kutendwa, maana meneja alihitaji kujua kuhusu kazi kwanza: "My duties have been handed over to a colleague." Wa nne ulikuwa jina lake na saini. Jioni ile ile alipewa ruhusa.